Mkia wa Kwanza, na Miguu Inayojibu Nzuri

Wanangu mnaobaki na funguo za stoo ya bwawa,

Mwalimu Festo ameniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau. Mimi sidhani kama anaogopa nitasahau. Nadhani anajua nikiwaambia kwa mdomo mtasema "sawa mama," halafu mtaendelea na yenu. Kwenye karatasi angalau ataweza kuweka kidole kwenye mstari na kuwauliza.

Sitaandika nililipwa nini wala nilipewa cheo gani. Nimeacha kazi kwa sababu ya magoti. Miaka yote hiyo nimepiga magoti kwenye saruji pembeni ya maji kuvisha watu mapezi ya kuogelea, na sasa hata sala zangu nasali nimekaa kwenye stuli. Naamini Mungu ameliona hilo na hajalikasirikia. Nilichobaki nacho cha kuwapa ni kimoja tu, nacho ni kutoamini. Msishtuke. Mungu namwamini kabisa. Ni miguu ya watu ndo siiamini.

Hilo nilijifunza Mafinga, nikiwa msichana, kwenye kibanda cha fundi viatu mmoja, Mzee Sanga, jirani na mashine za mbao. Shule nilikuwa nimeishia darasa la saba. Sekondari nilikuja kuisoma ukubwani, masomo ya jioni, tayari nina mwanangu Baraka. Mzee Sanga alitengeneza mabuti ya watu wa mashine. Siku yangu ya kwanza alikuja mpasua mbao kujaribu pea iliyoletwa na msimamizi wake. Akavaa, akasimama, akasema, "Nzuri kabisa, fundi." Mzee akamwambia apande juu ya rundo la mbao atazame kama mvua inakuja. Yule akapanda, akashuka, akasema haiji.

Alipoondoka Mzee akaniuliza, "Umeona nini?"

"Kasema nzuri."

"Sijakuuliza kasema nini."

"Nimeona amepanda vizuri."

"Na kushuka?"

Kushuka sikuwa nimeangalia. Mzee Sanga akanipa uzi nipake nta, kazi ya mtu asiyejua kutazama.

Baadaye ndo akanieleza. Yule alishuka akitanguliza kisigino kwenye kila ubao, kwa sababu vidole vilikuwa vinagonga mbele ya buti. Lakini pea ilikuwa moja, na wenzake walikuwa wanaisubiri. Angesema yanabana, yangekwenda kwa mwingine. Na hata bila hivyo, kwetu huku mtu hamwambii fundi kwamba kazi yake mbaya. Ukimuuliza habari anajibu nzuri, mkishakaa ndo anakwambia mama yake amelazwa. Kiatu nacho kinajibiwa hivyo hivyo.

Nikaolewa Mbeya, tukapanga mtaa wa Soweto, nikauza viatu vya mitumba mpaka Mwalimu Festo alipokuja kwenye meza yangu akitafuta mtu anayeelewa mambo ya raba. Mwalimu ni Mhehe wa Iringa. Alifanya kazi na watalii pwani, akarudi na wazo lake: kufundisha vijana kupiga mbizi kwa pumzi moja, bila mtungi wa hewa, ili wawaongoze wageni wanaokuja kutazama samaki Ziwa Nyasa. Alikuwa amekodi bwawa la nyumba moja ya wageni huko juu, maji yake baridi mpaka meno yanauma. Nilimtilia mashaka tangu hapo. Mtu ana pumzi yake nzima, anaizuia ya nini?

Siku ya kwanza akanifungulia stoo, akanionyesha kitu kimeegemea ukuta.

"Mama Baraka, unaona nini hapo?"

"Naona kitu kimekatwa kwa samaki mkubwa."

"Ni kiatu."

"Cha nani?"

"Cha mtu yeyote."

Mashaka yakaongezeka. Kiatu cha mtu yeyote sijawahi kukiona.

Kitu chenyewe ni monofini. Ni viatu viwili vya raba vilivyounganishwa, na mbele yake bamba moja pana kama mkia. Unaingiza miguu yote miwili, inabaki pamoja, halafu unapiga maji kwa kiuno. Sisi wa stoo tuliuita mkia, na mpaka leo ni mkia. Mwalimu alisema ukiuvaa unakwenda mbali kwa nguvu kidogo. Mimi niliona jambo lingine. Ukivaa mapezi mawili, mguu mmoja ukikaza msuli unapiga kwa ule mwingine unarudi juu. Kwenye mkia hakuna mguu mwingine. Kwa hiyo nikajua kiatu hiki kikikosewa hakimwachi mtu na malengelenge. Kinamwacha chini.

Wakinamama wa usharika waliuona unakauka kwenye kamba yangu ya nguo. Sijui nani alianza neno jini, ila haukupita muda Mchungaji akaja nyumbani. Hakusema amekuja kwa nini. Aliuliza habari za watoto, akauliza za kuku, chai ikaisha, ndo akasema, "Na hiki, Mama Baraka?"

"Ni kiatu, Mchungaji. Jaribu."

Nadhani alijaribu ili awe na la kuwaambia. Akakaa kwenye kochi, nikampaka maji ya sabuni, miguu ikaingia kwa shida.

"Inakaaje, Mchungaji?"

"Nzuri. Nzuri kabisa," jasho linamtoka.

Ilibidi mimi na Baraka tuuvute, yeye ameshikilia kochi. Aliondoka akiwa na hakika kwamba jini hawezi kuishi mle, hakuna nafasi. Maneno ya wakinamama yakaisha. Na mimi nikapata uthibitisho kwamba hata mtumishi wa Mungu ukimuuliza kiatu kinakaaje atakwambia nzuri.

Basi sikilizeni namna ya kumchagulia mtu mkia wa kwanza. Namba ya kwenye boksi msiiamini. Nimevisha namba moja kutoka viwanda viwili, mkia mmoja ukameza mguu wote, mwingine haukupita kisigino. Bamba liwe laini. Shika ncha ubonyeze. Likikataa kupinda, hilo ni la mtu mwenye mazoezi ya miaka, mwachieni. Kiatu kikumbatie mguu wote kwa nguvu ileile, pasiwe na sehemu moja inayokaza kuliko nyingine. Vidole vilale, visikunjwe. Kisigino kisitoke mtu akipiga. Atakayevaa soksi za maji ajaribu na soksi hizo hizo, asijaribu na mguu mtupu halafu soksi zije baadaye. Kwa kuvalia tumieni maji ya sabuni. Mafuta ya mgando yanaharibu raba, na mtu akikwambia yeye ametumia miaka mingi na hakuna kitu, mwombe akuonyeshe hiyo raba yake.

Mchanga ukiingia ndani unasugua kama msasa. Suuzeni kabla, suuzeni baada, na msiukubali mkia wa mtu anayesema ameshausuuza.

Kosa letu kubwa huku ni lile la viatu vya shule. Mzazi ananunua vikubwa, anajaza sponji mbele, mtoto atavikuta. Baba mmoja wa Iringa, mtu wa heshima zake, alimnunulia binti yake mkia kwa hesabu hiyo.

"Atakua nao," akaniambia.

"Baba, huyu si ameshamaliza chuo?"

"Miguu huwa inaongezeka, mama."

Sponji ikalowa, binti akapiga mara moja, mkia ukavuka bwawa peke yake. Baba akasema, "Unaona sasa, una kasi."

Halafu kuna safari. Mara ya kwanza kwenda Iringa na mkia nilikubali kondakta auweke kwenye buti la basi. "Mama, hilo bawa la ndege tunalilaza vizuri," akasema. Akalilaza chini ya magunia ya viazi. Tulipofika bamba lilikuwa limepinda upande mmoja, na aliyeuvaa alikuwa akipiga anakwenda kama kaa. Tangu siku hiyo nasafiri nao nimeusimamisha dirishani, bamba nimelifunga kwa blanketi, viatu nimevijaza nguo visikunjike. Kwa hiyo mtu wa safari mchagulieni mkia unaopita mlango wa basi na kusimama mbele ya magoti yake. Na ukiwa ndani ya gari lililoegeshwa juani, mkia ni kama maziwa, hauachwi.

Sasa niwaambie habari za Minza, maana kila nililoandika hapo juu lilikuja kupimwa kwake.

Minza alitoka Madibira, kwenye mashamba ya mpunga. Wazazi wake ni Wasukuma waliohamia Usangu na ng'ombe zao, yeye akazaliwa hapo hapo. Mrefu, mpole, ndani ya maji ametulia kuliko sisi tuliokaa kwenye viti. Akikusalimia alikuwa anapiga magoti mpaka chini, hata kwenye saruji iliyolowa. Na miguu yake ilikuwa ya mtu aliyekulia kwenye matope, mipana, vidole vimeachana, kila kimoja kina eneo lake.

Mkia wa kuanzia wakati huo tulikuwa nao mmoja tu, Mwalimu alipewa na rafiki yake, na viatu vyake vyembamba. Ulimkaa vizuri sana Tusekile, binti wa Kinyakyusa kutoka Tukuyu, mwenye miguu myembamba na mdomo mpana.

Mwaka ule Mwalimu Festo akatangaza kwamba kuna mwalimu wa pwani, Mwalimu Zuhura, atakuja Matema, kule ziwani, kuwatazama wanafunzi wetu wakipiga mbizi na mkia. Atachagua mmoja aende naye kujifunza ualimu. Wote tulijua atakuwa Minza. Minza naye alijua, na alikuwa na sababu. Baba yake alishasema hiyo ndo nafasi ya mwisho. Akiikosa anarudi Madibira, na mwanaume wa kumwoa ameshapatikana. Aliniambia hayo tukiwa tunafua soksi za maji, hakulia, kama mtu anayekwambia mvua imenyesha kwao.

Nikamvisha mkia.

"Unakaaje?"

"Mzuri mama. Asante."

Tusekile alikuwa amekaa pembeni amejifunika khanga, anatetemeka. "Mama Baraka, hiyo miguu ya mpunga ukishaipanda humo tuimwagilie?"

"Wewe subiri zamu yako," nikamwambia.

"Mimi nasubiri mavuno."

Minza akacheka, akaingia majini, akaenda na kurudi bila kutoa kichwa. Mwalimu Festo akapiga makofi. Mimi sikupiga. Mguu ule ndani ya kiatu kile haukuwa na sababu yoyote ya kusema mzuri.

Nikaanza kumchunguza. Akitoka majini aliuvua mkia upesi, na kuvaa viatu alikuwa wa mwisho. Wenzake wakikimbilia jua, yeye anapotea nyuma ya stoo. Halafu ikaja habari ya chupa ya chai. Kila siku ya mazoezi nilikuja na chupa ya maji ya moto kwa ajili ya wote, na kila nikienda kumimina naikuta tupu. Nilimshuku Tusekile kwanza, kwa ajili ya ule mdomo. Nikamshuku mlinzi. Mwisho nikamshuku Minza, na nikawaza mabaya, nikawaza dawa. Kuna watu wakitaka kushinda jambo wanapelekwa mahali wanapewa kitu cha kunawia. Nikasali kwanza, halafu nikazunguka stoo kwa upande wa mabomba.

Alikuwa amekaa kwenye tofali, miguu ndani ya beseni langu la kufulia, anaimiminia maji ya moto kidogo kidogo. Vidole vimepauka vimekuwa vya kijivu, na kidole kidogo cha kulia kimechubuka pembeni.

"Shikamoo mama," akasema, na akataka kupiga magoti humo humo kwenye beseni.

"Kaa. Unafanya nini?"

"Naitafuta miguu, mama."

"Imekwenda wapi?"

"Ikitoka kwenye mkia siisikii. Nikiiwekea maji ya moto inarudi."

"Na ikiwa ndani inauma?"

"Mwanzo tu. Baridi ikishaingia inanyamaza."

Nikavuta tofali la pili nikakaa. Kumbe baridi ya bwawa letu ndo ilikuwa inamfichia siri. Mguu uliokufa ganzi haulalamiki. Sasa Matema hakuna baridi ile. Kule ziwani joto linavimbisha mguu, maji ya uvuguvugu, na kila kilichokuwa kinanyamaza Mbeya kingeanza kuongea kule, yeye akiwa chini, miguu yote miwili imefungwa pamoja.

"Kwa nini hukusema?"

"Nikisema, mkia anapewa Tusekile."

"Apewe."

"Mama, nikiikosa hii narudi Madibira."

"Ukizama pia utarudi Madibira."

Akatazama beseni. Mwisho akasema, "Naomba usimwambie Mwalimu. Nitamwambia mwenyewe."

Siku hiyo hakumwambia. Iliyofuata hakumwambia. Sikushangaa, nikamwambia mimi. Mwalimu Festo si mtu mbaya, alishtuka kweli, akamwita pale pale.

"Minza, mkia unakubana?"

"Hapana Mwalimu. Mzuri tu."

Mwalimu akanigeukia na uso wa mtu aliyetuliwa mzigo. "Mama Baraka, anasema haumbani."

"Umemwita kwa sauti ya ukali, tena mbele yangu. Ulitaka akujibu nini?"

"Sasa nimuulizeje?"

Nikaomba nipewe mkia niupeleke Mafinga, kwa Mzee Sanga, aupanue. Nikabeba na ndala za Minza, zile za zamani ambazo nyayo zake zimeshachimba mahali pake.

Mzee Sanga alikuwa bado ana kibanda, macho yamepungua lakini mikono bado ile ile. Akaingiza mkono ndani ya kiatu cha mkia, akapapasa.

"Nani kashona hiki?"

"Hakijashonwa, Mzee. Kimemiminwa kiwandani."

"Ndo maana hakina mtu ndani."

Akachonga vipande viwili vya msonobari kwa kufuata zile ndala, akakilowesha kiatu kwenye maji ya moto, akavisukuma vile vipande ndani akaviacha humo. Nilikaa kwa dada yangu mpaka aliponiita. Kiatu kilikuwa kimepanuka, ukitazama unaona. Nilitaka kufurahi.

"Usiiamini," akasema. "Raba inarudi. Leo imekubali, kesho inajivuta yenyewe. Itakayojua ni miguu ya huyo binti, mimi siwezi kujua na wewe huwezi."

"Huyo binti anasema mzuri kila siku."

"Basi una kazi," akasema, akarudi kwenye buti lake.

Njia nzima kurudi Mbeya nilikuwa nimekumbatia ule mkia nikiwaza. Nikamkumbuka Baraka alivyokuwa mdogo. Ukimuuliza, "Umeanguka?" anasema hapana, damu inamtoka. Nilikuja kugundua nikimuuliza, "Umeangukia wapi?" ananyoosha mkono anaonyesha. Swali la kwanza lilikuwa linamuuliza kama ana kosa. La pili lilikuwa linamwambia kosa limeshasamehewa, tunatafuta kidonda tu. Kwa nini sikuwa nimelileta hilo stoo miaka yote sijui.

Tulifika Matema kwenye joto la kukuvua sweta uliyotoka nayo Mbeya. Mwalimu Zuhura alikuwa ametangulia, mama wa makamo, mchangamfu, Kiswahili chake kimenyooka mpaka nikawa naongea kidogo. Tukaingia kwenye boti wote, tukaenda mpaka kwenye boya ambapo kamba ilishushwa kwenda chini. Akawaeleza wanafunzi utaratibu. Kila atakayetoka atavua miwani ya maji, ataonyesha mkono hivi, na atasema, "Niko salama."

Sikuweza kunyamaza. "Mwalimu, hawa salama watasema tu. Hawa wanasema salama wakiwa wodini."

"Na sisi kwetu ni hivyo hivyo, dada yangu," akasema. "Ndiyo maana mimi natazama midomo, kama imebadilika rangi. Sauti nasikiliza baadaye."

Nikampenda kidogo, ila sikuacha kumtazama.

Minza akakaa ukingoni mwa boti. Miguu yake ilikuwa imeshavimba kwa joto la njiani. Nikapiga magoti, nikamimina maji ya sabuni, nikausukuma mkia. Uliingia, lakini mikono yangu ilisikia. Raba ya Mzee Sanga ilikuwa imeanza kurudi. Mwalimu Festo amesimama nyuma yangu, Mwalimu Zuhura ameshika kamba, Tusekile amekaa na khanga yake. Wote wanasubiri nimwulize kama yuko tayari.

"Minza," nikasema, "unakubana wapi?"

Nadhani jibu alilokuwa amelitayarisha lilikuwa la swali lingine.

"Wapi, mama?"

"Ndiyo. Wapi."

Akamtazama Mwalimu Festo. Akatazama maji. Nilijua anatazama nini. Alikuwa anaitazama Madibira. Sikumsaidia. Nilishika tu kile kisigino nikasubiri.

"Kidole kidogo," akasema. "Cha kulia."

Halafu yakaja yote. "Na hapa juu ya unyayo. Na kisigino cha kushoto, ndani. Nikilala vidole vinaungua, mama. Vinaungua tangu mwezi wa sita."

Tusekile alikuwa na neno la utani tayari, nililiona limefika kwenye meno. Akalimeza. Mimi nikauvua mkia.

"Lakini nilikuuliza, Minza," Mwalimu Festo akasema taratibu.

"Ndiyo Mwalimu. Nisamehe."

Mwalimu aliuchukua mkia mikononi mwangu, akaingiza mkono ndani ya kiatu.

Mkia akapewa Tusekile. Alishuka na kamba kama mtu aliyeitwa huko chini, akarudi, midomo yake ni ile ile, akasema yuko salama na njaa. Minza akashuka na mapezi mawili ya zamani, yale ya mkanda nyuma ambayo kila mtu anaweza kuvaa. Hakufika alikofika Tusekile. Hata nusu nzuri hakufika, na aliporudi alijua. Alivua miwani, akaonyesha mkono, akasema, "Niko salama. Ila nimeumia moyo." Mwalimu Zuhura akamwambia hilo la pili halimo kwenye utaratibu lakini amelisikia.

Akamchagua Tusekile. Isingewezekana vinginevyo, na ninyi msije mkasema Minza alidhulumiwa. Tusekile alipiga mbizi vizuri. Alilia, akamshika Minza mkono hakuuachia mpaka tunafika ufukweni, na hakusema kitu, jambo ambalo kwake ni sadaka.

Kwenye mchanga Mwalimu Zuhura akauliza, "Na huyu mwingine, mkia wake mtautoa wapi?"

"Hatuna mwingine," Mwalimu Festo akasema. "Na bila huo anarudi shambani kwao."

"Namfahamu fundi anayemimina viatu kwa kipimo cha mtu. Msimrudishe shamba kwanza. Mnipe kipimo chake, nami nitarudi."

Mwalimu Festo akasogea pembeni na simu, akampigia baba yake Minza. Hatukusikia upande wa Madibira. Tulisikia "ndiyo mzee" nyingi, halafu "hapana mzee, yeye mwenyewe kasema, mbele yetu wote." Aliporudi akasema mzee ametoa muda mpaka mpunga uvunwe. Minza akakaa chini kwenye mchanga.

Lile neno la nitarudi mimi sikuliamini. Wageni wengi wamepita kwenye bwawa letu wakaahidi vitu. Leo mnajua kwamba alirudi, maana ule mkia mpana unaoning'inia kwenye msumari wa juu ni wa Minza, na ndiye anayewafundisha ninyi kuvaa wa kwenu. Msimwazime mtu ule mkia, hata akiomba kwa machozi. Lakini siku ile nilikuwa sijui, na nilihofia gari la mgeni likiondoka kipimo kitabaki maneno. Nikakata boksi la maji ya kunywa, nikalilaza juu ya ubao wa boti, nikamsimamisha Minza juu yake, miguu ikiwa imevimba kwa jua kama inavyotakiwa. Nikapiga magoti. Mwalimu Zuhura akaniazima kalamu.

Nikazunguka kisigino, nikapita upande wa ndani, nikapita kidole gumba. Nilipofika kwenye kidole kidogo nikakata kona karibu na ngozi, kama nilivyozoea kwa kila mtu.

"Hapo bado, mama," Minza akasema kutoka juu. "Toka nje kidogo."

Nikatoka nje kidogo.

"Tena."